Spidi Gavana ya Prosesa

Kuanzia tarehe 1 Februari 2004, matatu isiyo na spidi gavana haikuruhusiwa kubeba abiria nchini Kenya. John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, alikuwa ametoa kanuni zilizodai mikanda ya usalama kwenye viti, mstari wa njano ubavuni mwa gari, na kifaa cha kulizuia lisipite kilomita 80 kwa saa. Siku za mwanzo magari yaliadimika, na watu waliozoea kupanda namba 46 ya Kawangware wakajikuta wakienda mjini kwa miguu. Kwa wengi wa Kibera, waliokuwa wakitembea hadi Industrial Area kila alfajiri, hilo halikuwa jambo geni.

Oktoba ya mwaka huohuo, toleo la 2.6.9 la kiini cha Linux lilitoka likiwa na kijisehemu kipya cha programu. Nacho kiliitwa gavana, na kazi yake ilikuwa kuamua prosesa ya kompyuta iende kasi gani na wakati gani. Mambo hayo mawili yalilingana kwa bahati tu. Lakini mtu anayetaka kuelewa kwa nini laptopu ya mtumba hukimbia asubuhi na kujikokota saa saba mchana anaweza kuanza na magavana hawa wawili, kisha aangalie wanapoachana. Wa matatu anajua kuzuia tu. Wa prosesa hupandisha na kushusha, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na ana sababu nzito ya kufanya hivyo.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Ile ya gigahezi 2.5 hupiga mara bilioni 2.5 kwa sekunde, na kila pigo hula umeme kidogo ambao huishia kuwa joto. Ulaji huo hupanda sambamba na idadi ya mapigo, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili: ongeza volti kidogo tu, bili inaruka. Mapigo yakipungua, prosesa inaweza kuridhika na volti ndogo zaidi, na hapo ndipo akiba kubwa inapotoka. Mwendo ukipungua kwa robo, ulaji wa umeme unaweza kupungua kwa karibu nusu.

Wazo la kuuachia mfumo endeshi wenyewe usimamie jambo hili liliwekwa wazi Novemba 1994, katika makala ya watafiti wanne wa maabara ya Xerox PARC huko California: Mark Weiser, Brent Welch, Alan Demers na Scott Shenker. Waliona kwamba kompyuta huharakisha kazi ndogo, kisha hukaa ikisubiri. Mtu anaandika herufi moja, prosesa inaimaliza kufumba na kufumbua, halafu inakaa bure hadi herufi inayofuata. Wakapendekeza mfumo uangalie milisekunde chache zilizopita, ukisie zijazo, na upunguze mwendo ili kazi ijaze muda uliopo. Hesabu zao zilionyesha kwamba akiba ya nishati ya prosesa ingeweza kufika nusu, na hata asilimia 70 kwa saketi zinazovumilia volti ndogo. Weiser ndiye aliyetabiri kwamba kompyuta zingesambaa kila mahali hadi watu waache kuzitambua. Alifariki mwaka 1999, kabla simu za mkononi hazijaenea Laini Saba ya Kibera wala Gatina ya Kawangware, lakini hesabu yake ya milisekunde imo ndani ya kila simu iliyoko huko leo.

Mwanzoni biashara ililichukua wazo hilo kwa ukavu. Januari 2000 Intel ilitoa Pentium III ya laptopu yenye teknolojia iliyoitwa SpeedStep. Ilikuwa na gia mbili tu. Chaja ikiwa ukutani, prosesa ilikwenda kwa megahezi 650 na volti 1.6, chaja ikichomolewa, ilishuka hadi megahezi 500 na volti 1.35. Ukikokotoa, mwendo ulipungua kwa chini ya robo huku umeme ukipungua kwa takriban asilimia 45. Wiki hiyohiyo kampuni changa ya Transmeta, iliyokuwa imemwajiri Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, ikazindua prosesa ya Crusoe iliyobadili mwendo kwa hatua nyingi kulingana na kazi, bila kujali waya uko ukutani au la. Transmeta haikudumu sokoni. Namna yake ya kufikiri ilidumu.

Shida ilikuwa kwamba kila kiwanda kilikuwa na njia yake. Intel ilibadilishiwa gia kwa namna moja na AMD kwa nyingine, na vipande vya ARM vya kwenye simu vilitegemea kidhibiti cha volti kilichokuwa kando kwenye bodi. Mwafaka wa kwanza ulikuwa ACPI, kanuni zilizoandikwa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996. Katika matoleo yake ya baadaye BIOS, programu ya kuiwasha mashine, iliukabidhi mfumo endeshi jedwali: hizi ndizo gia za prosesa hii, na hii ndiyo njia ya kuziomba. Bado draiva ilihitajika kulisoma jedwali na kulifanyia kazi. Kwenye Windows XP, kompyuta ya AMD isiyowekewa draiva ya prosesa haikuweza kutumia Cool'n'Quiet, mpango wa AMD wa kushusha mwendo. Mashine ilichemka na feni yake ikapiga kelele hata pale ambapo mteja alikuwa akisoma barua pepe moja tu.

Linux iliigawa kazi hiyo vizuri, na mgawanyo wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama mlangoni mwa matatu. Kuna gavana, na kuna draiva. Gavana ni kama makanga anayegonga mwili wa gari: twende, punguza, simama. Yeye huona hali ya abiria na ya barabara, lakini hagusi gia. Draiva ndiye anayejua gia za gari hili hasa, clutch yake ikoje na breki zake zinashika wapi. Makanga mmoja anaweza kufanya kazi na madereva kumi, na dereva mmoja na makanga tofauti. Mpango huo, unaoitwa cpufreq, ulianzia kwenye vipande vya ARM katika kazi ya Russell King na wenzake. Dominik Brodowski akaupanua, ukaingia katika mfululizo wa 2.6 uliotoka Desemba 2003.

Magavana wa kwanza walikuwa wagumu wa fikra. Mmoja aliikimbiza prosesa kwa mwendo wa juu daima, mwingine akaishikilia chini daima, na wa tatu akasubiri aambiwe na programu ya nje. Yule wa Oktoba 2004, aliyeandikwa hasa na Venkatesh Pallipadi wa Intel, ndiye wa kwanza kutazama mwenyewe na kuamua. Aliitwa "ondemand". Alichungulia prosesa mara nyingi kwa sekunde. Akikuta imeshughulika kwa zaidi ya asilimia 80 ya muda, aliirukisha moja kwa moja hadi mwendo wa juu kabisa, kisha akaishusha kazi ilipolegea. Yaani 80 ya Michuki ilikuwa dari, na 80 ya Pallipadi ilikuwa ruhusa ya kukanyaga mafuta. Mwaka uliofuata Alexander Clouter akaongeza gavana wa pole, aliyepanda hatua kwa hatua kama dereva aliyebeba mayai, kwa ajili ya mashine zinazotegemea betri.

Wakati hayo yakiandikwa, kompyuta zilizokuwa zimemaliza maisha yao ya kwanza Ulaya na Marekani zilikuwa zikishuka Kenya. Shirika la Computers for Schools Kenya lilikuwa limeanza mwaka 2002 kukusanya na kukarabati mashine zilizotumika ili zipelekwe shuleni. Hatimaye zikaja laptopu ambazo wauzaji wa Nairobi huziita ex-UK. Kibera, taasisi ya Tunapanda ilianza kufundisha vijana ufundi wa kompyuta na usanifu kwa programu huria, na baadaye ikatandaza mtandao wa jamii unaounganisha shule za mtaani. Ukitaka programu huria iishi kwenye mashine kuukuu, swali la gavana halikwepeki.

Kwa wakazi wengi, hata hivyo, mkutano wa kwanza na gavana haukuwa kwenye kompyuta. Ulikuwa kwenye simu.

Mwaka 2011 Safaricom ilikuwa ikiuza Huawei IDEOS kwa karibu shilingi 8,000, na kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo ilikuwa simu janja ya kwanza waliyoweza kuifikia. Ilikuwa na Android 2.2, kioo kidogo, na prosesa ya Qualcomm ya megahezi 528. Ndani ya Android mna kiini cha Linux, na ndani ya kiini mna cpufreq, kwa hiyo mfuko wa shati wa kijana wa Makina, Kibera, ulikuwa umebeba gavana yuleyule wa seva za Ulaya. Mwaka mmoja kabla yake, Mike Chan wa Google alikuwa ameandika gavana mpya kwa ajili ya Android, aliyeitikia haraka zaidi, kwa sababu jicho la binadamu huona simu inapokwama kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Waliothubutu kuifungua IDEOS na kupata mamlaka ya ndani walitumia programu ya SetCPU kuchagua gavana kwa mkono: wengine waliipandisha prosesa juu ya 528 ili michezo iende, wengine wakaiamuru ishuke chini kabisa kioo kinapozima, betri ifike jioni. Chaguo la pili lilikuwa na maana kubwa zaidi kwa mtu ambaye nyumbani hana umeme wa kutegemewa, au anaupata kwa waya wa sambaza, uliounganishwa kinyemela, unaoweza kukatwa wakati wowote, na ambaye kuchaji simu kibandani ni pesa inayotoka mfukoni.

Machi 2013 Wakenya walichagua magavana 47 wa kwanza wa kaunti. Mwezi uliofuata Linux 3.9 ilitoka na draiva mpya ya prosesa za Intel, intel_pstate, kazi ya Dirk Brandewie, na hapo mgawanyo wa makanga na dereva ukatikisika. Draiva hii ilikuja na akili yake. Haikungoja jedwali la BIOS wala gavana wa kawaida. Iliijua prosesa kwa ndani na kuamua yenyewe. Iliacha majina mawili tu ya kuchagua, na mojawapo, "powersave", limewapotosha mafundi kwa miaka. Chini ya mpango wa zamani jina hilo lilimaanisha prosesa imeshikiliwa chini kabisa. Chini ya intel_pstate linamaanisha kupanda na kushuka kwa busara. Mtu hulikuta kwenye mashine, anadhani ameupata ugonjwa, anabadilisha, na mashine inazidi kuchemka bila kuongeza chochote cha maana.

Prosesa za kwanza kuhudumiwa na draiva hiyo zilikuwa za kizazi cha 2011, Sandy Bridge. Zilikuwa ndani ya laptopu za ofisi kama Dell Latitude E6420, mara nyingi zikiwa na i5-2520M: gigahezi 2.5 kwa kawaida, 3.2 kwa mbio fupi, megahezi 800 ikipumzika. Ofisi za Ulaya zilizinunua kwa wingi, zikazitumia miaka michache, zikaziuza. Kwa njia hiyo zilifika Nairobi.

Kwenye kibanda cha fundi, Kawangware, mazungumzo huanza hivi:

"Fundi, hii laptopu inajikokota. Hata kufungua Word ni shida."

"Umekuja na chaja yake, mama?"

"Chaja? Chaja iko sawa, taa inawaka."

"Nipe niione."

Fundi mwenye uzoefu huuliza chaja kabla hajagusa programu, na ana sababu. Chaja za Dell za kizazi hicho zina pini nyembamba katikati ya kichwa. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuendesha mashine, hupitisha utambulisho. Kipande kidogo ndani ya chaja huieleza laptopu kwamba hii ni chaja ya wati 65, au 90. Pini ikipinda, ikikatika, au chaja ikiwa feki isiyo na kipande hicho, laptopu haipati jibu. Huonyesha onyo fupi inapowaka, huacha kuchaji betri, na hupunguza mwendo ili isije ikaomba umeme kuliko uwezo wa chaja isiyojulikana. Uangalizi huo una haki yake, maana chaja dhaifu ikidaiwa wati 90 inaweza kuungua, na nyumba za mabati na mbao zimebanana. Lakini mwanafunzi aliyenunua mashine ya gigahezi 2.5 anabaki na ya megahezi 800.

Ndiyo maana kuweka Windows upya, dawa inayotolewa haraka mno, haiponyi kitu hapa. Mfumo endeshi unaona kazi imejaa, gavana anagonga twende, draiva inaomba gia ya juu kabisa, na chini yao kuna waya wa umeme unaoiashiria prosesa kwamba kuna hatari, ishara ambayo Intel huiita PROCHOT. Prosesa huitii ishara hiyo kabla ya programu yoyote. Fundi anayelijua hilo hufungua kidhibiti kazi, anaona kasi imeganda kwenye 0.79 huku kazi ikiwa asilimia 100, na anatafuta chaja nyingine kwenye droo. Akiichomeka yenye pini nzima, namba hupanda mbele ya macho ya mteja. Kuna programu, ThrottleStop, inayoweza kuifanya prosesa ipuuze ishara hiyo. Fundi mwaminifu huitumia kwa tahadhari, kwa kuwa ishara ileile ndiyo inayoilinda mashine dhidi ya joto la kweli.

Na joto la kweli lipo. Nairobi huonekana jiji la baridi kwa mgeni, lakini chumba cha mabati saa saba mchana kina hali yake ya hewa. Kuna pia jambo ambalo wengi hawalifikirii: jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko Mombasa. Feni ileile, kwa mzunguko uleule, huondoa joto jingi zaidi inapokuwa Mombasa kuliko Kibera. Ongeza vumbi la njia za udongo na moshi wa jiko vilivyojikusanya kwenye mapezi ya shaba, ongeza na ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka baada ya miaka 10, na i5 ya Sandy Bridge itafika nyuzi 100, kikomo chake, kwa kazi ya kawaida tu. Hapo hujishusha yenyewe, hupoa kidogo, hupanda, hujishusha tena. Mtumiaji huona mashine yenye kigugumizi. Brashi, dawa mpya na dakika 40 za fundi hurudisha mwendo ambao hakuna mpangilio wa Windows ungeurudisha.

Desemba 2017 dunia nzima iligundua kwamba suala la nani anashusha mwendo, na kama mwenye kifaa ameambiwa, si la mafundi pekee. Apple ilikiri kwamba iPhone zenye betri zilizochoka zilikuwa zikipunguziwa mwendo ili zisizime ghafla. Kihandisi uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kosa lilikuwa kimya. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja.

Kawangware ilikuwa imeonja upande mwema wa teknolojia hiyohiyo. Oktoba 2015 watoto wa shule ya Lighthouse Grace Academy walipigwa picha wakiwa na Kio, tableti iliyobuniwa na BRCK, kampuni ya Nairobi. Tableti 40 zilikaa katika sanduku moja gumu, na zilichajiwa kwa kuwekwa tu kwenye nafasi zake, bila waya wa kuchomeka. Kifaa cha aina hiyo lazima kivumilie siku ya shule, na kinachokiwezesha ni ule uvivu wa hekima aliouona Weiser: mtoto akifungua ukurasa, prosesa hukurupuka na kumaliza kazi, mtoto akisoma, inalala, inaamka kidogo, inalala tena.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Julai 2016 Rafael Wysocki alileta gavana wa Linux anayepokea habari moja kwa moja kutoka kwa mpanga kazi wa mfumo, asilazimike kuchungulia na kukisia. Machi 2019, kwa toleo la 5.0, kiini kikajifunza kuchagua prosesa kulingana na nishati, kwa sababu simu nyingi sasa zina viini vikubwa vya mbio na vidogo vya kubana matumizi. Simu za 4G zilizoanza kuunganishwa Athi River mwaka 2023, zikiuzwa kuanzia shilingi 7,499, bei ya chini kuliko ya IDEOS miaka 12 kabla, zina kiini hichohicho cha Linux ndani.

Laptopu nazo zimebadilika. Zinazofika sasa kutoka Ulaya nyingi huchajiwa kwa USB-C, na badala ya pini moja inayojitambulisha, chaja na mashine hujadiliana: una volti ngapi, unaweza kutoa ampea ngapi? Mteja akichomeka chaja ya simu ya wati 20, mashine huikubali na kupunguza mwendo. Fundi hupachika katikati kipimo kidogo chenye kioo kinachoonyesha volti na ampea, na kwa kutazama tu anajua mazungumzo yamefikia wapi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha nane, zile za 2011 zikiwemo. Mashine hizo zina Linux bado. Katika msimbo wa intel_pstate mna orodha ya prosesa ambazo draiva hiyo inazitambua, iliyorefuka mwaka hadi mwaka, na mstari wake wa kwanza ungali umeandikwa Sandy Bridge.